Wimbo Hupimwa kama Kanzu: Kuimba Noeli Mbele ya Watu Mombasa

Walimu wa kwaya, wapiga kinanda, mafundi wa mitambo, nanyi waimbaji mliovuka feri alfajiri mkatutangulia sisi wa kisiwani: hamjambo, na karibuni.

Mada tuliyopewa ni maonyesho ya nyimbo za Krismasi yanayopendwa, yale yanayoimbwa watu wakiwapo, na nini hasa huyafanya yapendwe. Tuanze na tatizo lenyewe. Noeli ni wimbo ambao msikilizaji anaujua kabla hujafungua kinywa. Wimbo mpya ukikosewa, atakayekunja uso ni mtunzi peke yake. Noeli ikikosewa, hata mama aliyekaa mlangoni na mtoto mapajani atageuka amtazame jirani yake. Tangu Novemba kaisikia dukani, kaisikia kwenye matatu ya Bamburi, na Boney M wa mwaka 1978 wamemganda kichwani, mwendo wao na ngoma yao. Huna habari mpya ya kumpa. Anachofuata ni wimbo ule ule, ila uwe umekaa, kama kanzu iliyopita kwa fundi anayejua kupima: umepimwa kwa jengo hili, kwa sauti hizi, na kwa usiku huu wenye fukuto.

Tazameni onyesho la kwanza la wimbo ambao kila kwaya hapa inao, “Silent Night”. Joseph Mohr, kasisi kijana, alikuwa na shairi aliloliandika mwaka 1816. Tarehe 24 Desemba 1818, pale Oberndorf karibu na Salzburg, alimpelekea Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule na mpiga kinanda, amtilie sauti. Usiku ule ule wakaimba wawili, gita likiwafuata, na kwaya ikirudia mistari ya mwisho ya kila ubeti. Hadithi ya panya waliotafuna kinanda cha kanisa mtaisikia kila Desemba. Ni ngano, msiisimulie madhabahuni. Lililo la kweli ni hili: walikuwa sauti mbili na gita moja ndani ya kanisa dogo, wakatunga kinachotosha hapo. Nakala ya zamani iliyosalia, ya mkono wa Mohr, iko katika ufunguo wa D, kwa mapigo sita ya nane, yenye mwendo wa kubembeleza mtoto. Huu mwendo wa kukokota tuliouzoea umekuja baadaye.

Sasa upimeni wimbo huo kwa sauti zenu. Noti yake ya chini kabisa ni do ya mwisho wa ubeti, na kilele chake ni fa ya juu. Ni oktava moja na nusu, kasoro kidogo. Ukiuweka katika D, kilele kinafika G, na waumini watanyamaza wote pale pale penye utamu, wakiachia soprano wanne. Ukiuteremsha hadi B flati, kilele ni E flati na do ya chini ni B flati: wanawake wanaifikia chini kwa shida kidogo, lakini kanisa zima linaimba. Kwa hiyo, kwaya ikiimba peke yake, C inafaa. Ukitaka watu waimbe, B flati. Wapo walimu wanaoanza B flati kisha wanapandisha nusu sauti kila ubeti ili kusisimua. Kwa wimbo huu haifai. Ni wimbo wa kulaza, na kila ukipanda unamwamsha mtoto.

Kanuni ya kuchagua ufunguo ni kwenda kinyumenyume. Usianze na kinachoandikwa kitabuni. Mwite mwimbaji wa solo saa tisa mchana, wakati wa joto, aimbe noti ya juu kabisa ya wimbo mara tatu mfululizo bila kukaza shingo. Ikitoka safi mara zote tatu, ufunguo ni huo. Ikichubuka mara ya tatu, shusha sauti nzima. Noeli ya Kifaransa ya Adolphe Adam, “O Holy Night” kwa Kiingereza, iliyoimbwa mara ya kwanza mwaka 1847 katika mji wa Roquemaure, imewaumbua wengi kwa sababu noti zake ngumu zimewekwa mwishoni, pumzi ikiwa imekwisha.

Hapo tutaje na ya mwaka 1977. Bing Crosby na David Bowie walikutanishwa studio karibu na London kurekodi kipindi cha Krismasi cha televisheni. Bowie hakuupenda wimbo wa mtoto mpiga ngoma aliopangiwa. Watunzi wa kipindi wakaketi kwenye piano, na kwa muda wa saa moja na kitu wakamtungia sauti nyingine ya kupita juu ya ile ya zamani. Crosby akaimba wimbo wa zamani chini, Bowie akaimba mpya juu, na mazoezi yao hayakufika saa moja. Mwalimu mwenye mwimbaji mmoja hodari wa sauti ya tenor asiyeelewana na sehemu yake ajue kwamba kumtungia njia yake si dhambi. Chukua noti nne ndefu juu ya kiitikio, basi.

Tukiwa kwenye mwanzo wa wimbo, Cambridge wana la kufundisha. Ibada ya Masomo Tisa na Noeli ilianzia Truro, Uingereza, mwaka 1880, ndani ya jengo la mbao lililotumika wakati kanisa kuu likijengwa. Chapel ya King's College, Cambridge, iliichukua mwaka 1918, na tangu 1928 inasikika redioni karibu kila mwaka. Ibada hufunguliwa na mtoto mmoja, peke yake, bila ala yoyote. Watoto kadhaa huandaliwa, na anayechaguliwa huonyeshwa kidole dakika ya mwisho, asipate muda wa kuogopa. Kuna hekima mbili hapo. Ya kwanza ni hiyo ya kuandaa watatu badala ya mmoja, maana Desemba ya Mombasa ina mafua yake, na shangazi anaweza kumpakia mtoto basi la kwenda bara siku mbili kabla. Ya pili ni kwamba sauti moja ndogo ndani ya kimya hunyamazisha watu kuliko mshereheshaji yeyote mwenye maiki.

Lakini noti ya kwanza lazima apewe. Kumpigia kinanda watu wote wakisikia kunaharibu kile kimya ulichokitengeneza. Mwimbishaji asimame kando yake na uma wa sauti au simu yenye programu ya kupimia sauti, amvumie sikioni, naye arudie kwa kuvuma, ndipo apige hatua mbele. Zihesabu sekunde kati ya kuvuma na kuimba: zikizidi kumi, sauti imekwisha kuhama.

Sasa tufike penye uzito, maneno ya Kiswahili kwenye noti za Wazungu.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mwo-KO-zi. A-me-za-LI-wa. Be-thle-HE-mu. Nyimbo hizi zilitungwa juu ya Kijerumani, Kiingereza na Kilatini, ambavyo mkazo wake hukaa kwingine, na waliotufasiria walihesabu silabi wakasahau mkazo. Matokeo yake pigo zito linaangukia “zi” ya Mwokozi, na kwaya ikipiga pigo kwa nguvu, tunasikia mtu anaitwa Mwokozii. Dawa ni mbili. Mkiweza, badilisheni mpangilio wa maneno katika mstari, maana Kiswahili kinavumilia: “Mwokozi amezaliwa” na “amezaliwa Mwokozi” yana silabi zile zile nane, na moja kati ya hayo mara nyingi itaangukia pazuri. Msipoweza, legezeni pigo. Mwimbishaji ashushe mkono taratibu pale, waimbaji wapitie silabi ile kwa nusu ya nguvu, na silabi yenye mkazo wa kweli ipewe pumzi hata kama imekaa kwenye pigo jepesi. Sikio la msikilizaji litairekebisha lenyewe.

La pili ni ile m. “Mtoto” ni silabi tatu: m, to, to. Noti zikiwa mbili, nusu ya kwaya hufumba midomo na kuvuma m juu ya pigo, nusu nyingine imekwisha fungua “to”, na badala ya neno tunasikia ng'ombe na mbuzi wa zizini. Amueni kabla ya mazoezi ya kwanza, muandike kwenye karatasi kwa penseli: m inakaa kabla ya pigo, inaazima robo ya noti iliyotangulia, na irabu o inaanguka juu ya pigo lenyewe. Ni vivyo hivyo kwa “Mkombozi” na “mfalme”. Mkifanya hilo tu, bila kubadili kingine chochote, kwaya ya watu thelathini inasikika kama watu thelathini waliokubaliana.

Na kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, hakuna t wala d ya kufunga mstari. Kila mmoja huacha “a” pale pumzi yake ilipomwishia. Mwisho wa kila mstari uwe na namba: tunaacha kwenye pigo la nne, midomo ikibaki wazi.

Kushuka kwa sauti tutakuonyesheni kwa wimbo mmoja. Ile noeli “Joy to the World”, ya maneno ya Isaac Watts ya mwaka 1719, inayoimbwa kwa furaha na tarumbeta, inaanza kwa kushuka ngazi nzima: do, ti, la, so, fa, mi, re, do. Ndani ya ngazi hiyo kuna hatua mbili nyembamba, kati ya do na ti na kati ya fa na mi. Kwaya iliyochoka inazikanyaga kana kwamba ni hatua nzima. Ti inatua chini mno, mi nayo vilevile, na ile do ya mwisho haiko oktava moja chini ya ya kwanza, imezama. Mkipoteza robo sauti kila ubeti, kwa beti nne mmepoteza sauti nzima, na kinanda kilichoamriwa kingojee ubeti wa tano ndipo kilipuke, kitalipuka kweli. Kwa hiyo kinanda kicheze mwanzo hadi mwisho, au kisiguswe kabisa. Mazoezini, imbeni ngazi hiyo kupanda kwanza, polepole, ndipo mshuke. Ti waimbe wakiiwazia kama mtu aliyeegemea mlango wa do. Kila ubeti ukiisha, mpiga kinanda aguse noti ya mwisho kimya kimya. Joto nalo huchangia. Mwili unaotoka jasho ndani ya joho la nailoni hauungi pumzi. Maji nusu lita kwa kila mtu kabla ya kuanza, magoti yasikazwe, maana wanaozirai kwenye safu ya nyuma mara nyingi ni waliosimama wima kama nguzo za stima.

Mwenye bendi ya tarumbeta na atusikilize hapa. Ala ya kupuliza hupanda hewa inapopata joto, karibu senti tatu kwa kila nyuzi moja ya joto, na senti mia ndizo nusu sauti. Ukiilinganisha ndani ya chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 24 kisha ukatoka kwenye nyuzi 31, umeacha kinanda nyuma kwa senti ishirini, na hilo linasikika. Gita hufanya kinyume, nyuzi zake hulegea na kushuka. Kila ala ilinganishwe pale pale itakapopigwa, baada ya kupulizwa dakika kumi. Chapuo nalo hulegea kwa unyevu. Lianikwe juani mchana au lisogezwe karibu na jiko la makaa, na liguswe tena kabla ya wimbo linaoingia, kwa kuwa ngozi inaweza kulegea tena watu wakitoa jasho lao hewani kwa saa nzima. Kayamba tunalipenda, lakini mchirizo wake unakaa mahali pamoja na s na sh za maneno. Lisimame mita tatu kando ya maiki, liingie kwenye kiitikio, likae kimya kwenye beti.

Mitambo. Kwaya ya watu thelathini inahitaji maiki mbili, si sita. Kila maiki iliyo wazi inaongeza uwezekano wa mluzi, ule mlio wa spika inaporudia sauti kwenye maiki: ukizidisha idadi mara mbili, unapoteza desibeli tatu za sauti uliyoweza kuitumia. Simamisha maiki sentimita 80 hivi mbele ya safu ya kwanza, juu kidogo ya vichwa, ikielekea safu ya nyuma. Umbali kati ya maiki na maiki uwe mara tatu ya umbali wa maiki na waimbaji, yaani mita mbili na nusu hivi. Zikikaribiana zaidi, sauti zinakulana na kwaya inasikika kama iko ndani ya pipa. Spika zikae mbele ya maiki, zisizielekee. Kata sauti zote za chini ya hezi 100 kwenye mikisa, uondoe mngurumo wa mapangaboi na vishindo vya miguu. Maiki ya solo ikae upana wa kiganja kutoka mdomoni, na kichwa chake kisifumbatwe kwa mkono. Huo mtindo wa vijana ndio unaoleta mluzi, kisha analaumiwa fundi. Ukilia mluzi, tafuta maiki inayolia uishushe hiyo peke yake. Ukishusha mtambo wote, waumini wanabaki bila wimbo.

Mapangaboi hayazimwi yote. Zima yaliyo juu ya kwaya kwa zile nyimbo mbili tatu za sauti laini kabisa, uyawashe tena. Na pigeni makofi mara moja ndani ya kanisa tupu, mhesabu mwangwi. Ukizidi sekunde mbili, punguzeni mwendo na mfupishe noti za mwisho. Lakini jengo likijaa, nguo na miili hunywa mwangwi, hivyo mliyoyapanga Jumamosi na viti vitupu yatasikika makavu siku yenyewe. Msiogope, ongezeni sauti kidogo tu. Kujaza watu ni sanaa ya zamani: Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, “Messiah”, oratorio ya Handel, yaani utungo mrefu wa kidini wa kwaya na ala, ilipoimbwa mara ya kwanza, mabibi waliombwa waje bila vizimba vya sketi na mabwana bila panga, ndipo wakaingia watu mia saba hivi. Ilikuwa Aprili, wala si Desemba. Haleluya yake inafunga sehemu ya pili, ile ya mateso na ufufuo. Mkiiimba Krismasi hakuna atakayewashitaki, ila iwekeni mwisho wa ratiba. Ile sehemu ambapo soprano wanashikilia noti ndefu zikipanda ngazi kwa ngazi inawamaliza, na wimbo utakaofuata utaimbwa na alto.

Nje, kama pale Mama Ngina, mambo ni mengine. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki. Kwaya iipe mgongo ili upepo upeleke sauti kwa watu. Karatasi zibanwe kwa vibanio vya nguo. Sauti inachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde kusafiri mita 35 hivi, kwa hiyo walio nyuma kabisa wakiimba kwa kusikiliza wataburuta. Wawekeeni mtu wa kuwapigia mkono, anayemtazama mwimbishaji kwa macho.

Stima. Jumlisha wati za vifaa vyote, ongeza theluthi, hiyo ndiyo jenereta ya kukodi, na ikae mbali, upande upepo unakoelekea. Kinanda kipewe betri yake ya akiba. Sababu yake wengi hawaijui: vinanda vingi vikizimika na kuwaka tena, ile namba ya kuhamisha ufunguo inarudi sifuri. Mpiga kinanda aliyekuwa ameshusha sauti mbili ataingia ubeti wa tatu juu kwa sauti mbili, mbele ya askofu. Bandika kipande cha karatasi juu ya kinanda chenye namba ya kila wimbo, na aitazame kila stima inaporudi.

Na tuko Mombasa. Wiki ya Krismasi adhana ya magharibi ni saa kumi na mbili na nusu hivi, ya isha inakaribia saa mbili kasorobo. Anzeni saa moja kasorobo. Panga somo au tafakari ya kimya iangukie isha, spika zikiwa chini kwa dakika kumi. Hilo ni jambo la ujirani, na ni jambo la muziki pia: hakuna kwaya inayoshinda na spika ya mnara kwa noti laini. Kibali cha vipaza sauti cha kaunti kiombwe mapema, na kama mtarekodi muweke mtandaoni, kumbukeni kwamba Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda mtunzi mpaka miaka 50 baada ya kifo chake. Mohr na Gruber hawadai chochote. Yule mwalimu wa parokia ya jirani aliyewapangia sauti nne, anadai.

La mwisho ni la wimbo unaoanza vibaya. Sauti zikitofautiana kwenye mstari wa kwanza, mwimbishaji ainue mkono, asimamishe, atoe noti upya, aanze. Watu hucheka kidogo, wakasahau. Mkiwa mmeshavuka mstari wa pili, msisimame tena. Besi washike do, kwa nguvu, bila maneno ikibidi, na wengine wote warudi kwao mmoja mmoja mpaka kiitikio.